Al-Khwarizmi, Mirathi na Sifuri



Muhula uliopita nilikosea mirathi. Ingekuwa kwenye karatasi ya mtihani ningepoteza alama tano na maisha yangeendelea. Nilikosea mirathi ya marehemu wa kweli, mtoto wa mama yangu mkubwa, kijana aliyekuwa na bodaboda mbili na akiba yake hapa Kabalagala, aliyefariki kabla hajaoa. Wazee walisema kwamba kwa kuwa mimi ndiye ninayesomea masomo ya Kiislamu, basi hesabu niifanye mimi. Nikaifanya. Nitaeleza mbele nilikosea wapi. Kwa sasa naomba mjue tu kwamba kosa lile ndilo lililonirudisha kwa mtu ambaye kila Wiki ya Uislamu tunabandika picha yake ukutani, na ambaye wengi wetu tunamjua kwa sentensi moja tu, nayo si sahihi: kwamba ndiye aliyevumbua sifuri.

Hata picha yenyewe si yake. Ile sura ya mzee mwenye kilemba na ndevu ilisambaa kupitia stempu iliyotolewa na Umoja wa Kisovieti mwaka 1983, kuadhimisha miaka 1,200 tangu kuzaliwa kwake. Hakuna aliyemchora akiwa hai.

Jina lake ni Abu Abdillah Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Alizaliwa karibu na mwaka 780. Nasaba ya jina inampeleka Khwarizm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Maisha yake ya kazi yote yalikuwa Baghdad. Mji ule ulikuwa bado mchanga: al-Mansur aliuanzisha mwaka 762, kwa hiyo Muhammad bin Musa alipokuwa mtoto, wazee walioona matofali ya kwanza yakipangwa walikuwa bado hai.

Enzi ya Harun al-Rashid ilimalizika mwaka 809, wanawe wawili wakapigana, na mwaka 813 al-Ma'mun akashinda. Yeye ndiye aliyeipa nguvu Bait al-Hikma, nyumba ya vitabu na tafsiri. Vitabu vya Wagiriki, Waajemi na Wahindi viligeuzwa kuwa vya Kiarabu, na wanazuoni walilipwa kwa kusoma, kunakili na kupima. Hapo ndipo al-Khwarizmi alipofanyia kazi.

Tukisoma orodha ya vitabu vyake tunaona jambo ambalo makala za haraka hazilitaji. Huyu alikuwa mtu wa majedwali. Kitabu chake cha falaki, Zij al-Sindhind, ni sura 37 zikifuatana na majedwali 116: mwendo wa jua, wa mwezi, wa sayari, na kalenda. Msingi wake ni elimu ya Wahindi iliyofika Baghdad wakati wa al-Mansur. Aliandika pia juu ya astrolabu, juu ya vivuli vya jua vya kutambulisha saa, na hata juu ya kalenda ya Mayahudi. Kisha kuna Kitab Surat al-Ard, Kitabu cha Sura ya Dunia, kilichokamilika mwaka 833. Ndani yake mna mahali 2,402: miji, milima, visiwa, mito, kila kimoja na namba zake mbili, ya longitudo na ya latitudo. Ptolemy wa Iskandaria alikuwa ameirefusha mno Bahari ya Kati, na al-Khwarizmi aliirudisha karibu na urefu wake wa kweli.

Nakala pekee ya kitabu hicho iliyobaki iko Strasbourg, Ufaransa. Ilinakiliwa mwaka 1037 na ina ramani nne. Moja ni ya mto Naili. Sisi tunaokaa saa moja au mbili tu kutoka Jinja, mahali maji yanapoliacha ziwa na kuanza safari ya kwenda Misri, tungepaswa kuitazama ramani ile kwa macho ya pekee: mto unaanza kwenye Mlima wa Mwezi, unakusanyika katika maziwa, kisha unapanda kaskazini. Hakufika huku. Alipokea habari kutoka kwa Ptolemy na kuzipanga upya. Lakini mtu aliyekaa ukingoni mwa Tigris aliandika kwamba Naili unatoka katika maziwa ya kusini, miaka elfu moja kabla ya Wazungu waliokuja kugombania nani ameliona ziwa kwanza.

Sasa tuje kwenye kitabu kilichompa jina. Kinaitwa kwa kirefu Kitabu Kifupi cha Hesabu ya al-Jabr na al-Muqabala, na alikiandika wakati wa al-Ma'mun, karibu na mwaka 820. Katika dibaji anamsifu Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume (s.a.w.), kisha anasema kwamba khalifa ndiye aliyemtia moyo aandike jambo jepesi na lenye manufaa, linalowafaa watu katika mirathi, wasia, mgawanyo, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Hizo ndizo sababu alizozitaja.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika kitabu hiki, kwa sababu maneno yake ni jamaa zetu. Hesabu ni hisab. Kile ambacho shuleni tulikiita kipeo cha pili cha kitu kisichojulikana, yeye anakiita mali. Ndiyo, mali hii hii ya urithi. Kitu chenyewe kisichojulikana anakiita shina, na mara nyingine anakiita tu kitu. Namba za kawaida anaziita dirham. Kwa hiyo mlinganyo wake mashuhuri unasomeka hivi: mali pamoja na mashina kumi ni sawa na dirham 39. Hakuna alama hata moja, yote ni maneno. Anagawa kumi kwa mbili, anapata 5. Anazidisha 5 kwa 5, anapata 25. Anaijumlisha na 39, inakuwa 64. Kipeuo chake ni 8. Anaondoa 5, inabaki 3. Shina ni 3, mali ni 9. Hakikisha mwenyewe: 9 na 30 ni 39. Halafu, tofauti na walimu wengi wa kizazi chetu, hakuachii hapo. Anachora mraba na kukuonyesha kwa nini njia ile ni ya kweli.

Al-jabr maana yake ni kuunga, kama mfupa uliovunjika: kinachopungua upande mmoja unakirudisha, na unakiongeza upande wa pili vilevile ili mizani isiinamie kokote. Al-muqabala ni kukabilisha: vinavyofanana pande mbili vinaondolewa. Katika kazi zote mbili unautendea mlinganyo jambo huku ukilinda usawa wake ubaki kama ulivyokuwa.

Nusu ya kitabu ndiyo inayotuhusu sisi wa masomo ya Kiislamu, nayo ndiyo ambayo wasomaji wa Ulaya waliidharau kwa muda mrefu. Ni sehemu ya wasia na mirathi. Nitatoa mfano wake wa kwanza. Mtu amefariki, ameacha watoto wawili wa kiume na dirham 10 taslimu. Mtoto mmoja anadaiwa na baba yake dirham 10 nyingine. Marehemu ameusia thuluthi ya mali yake kwa mtu asiye wa ukoo. Je, kila mmoja anapata nini? Ukisema mali ni 20 utakwama, kwa sababu yule mwenye deni hana cha kutoa zaidi ya fungu lake. Al-Khwarizmi anasema: lile fungu ambalo mwenye deni atakatwa liite kitu. Ongeza kwenye 10. Ondoa thuluthi ya yote kwa ajili ya mwenye wasia. Kinachobaki kigawe mara mbili, na kila sehemu lazima iwe sawa na kitu kilekile ulichoanza nacho. Jibu ni 5. Mwenye wasia anapata dirham 5 taslimu, mtoto asiye na deni 5, na mwenye deni anasamehewa 5 katika deni lake.

Frederic Rosen, aliyekichapa kitabu hiki kwa Kiarabu na Kiingereza mwaka 1831 huko London kutokana na nakala ya Oxford, aliona sheria za sehemu hii kama mambo ya kupangwapangwa tu. Ilisubiriwa mpaka mwaka 1938, Solomon Gandz alipoandika kumtetea al-Khwarizmi na kuonyesha kwamba hesabu zake zinafuata fiqhi, hasa ya madhehebu ya Abu Hanifa. Kwa maneno mengine, karne nzima watu walimlaumu kwa kuwa hawakuisoma sheria aliyokuwa akiitumikia. Wenzangu wa kitivo cha sayansi wanaotucheka kwamba sisi hatupigi hesabu, hapa pana jibu lenu.

Na hapa ndipo nilipovunja mguu.

Marehemu wetu aliacha baba, mama, na wadogo zake watatu. Wazazi waliachana zamani, baba yuko Masaka na mama yuko hapa. Madeni hayakuwepo. Baada ya mazishi zilibaki shilingi milioni 18. Mwenzangu wa chumba, anayesomea kompyuta, alinitengenezea jedwali kwenye laptopu yake: warithi upande mmoja, mafungu upande wa pili. Tuliandika watu wote watano. Wadogo watatu walipata sifuri kila mmoja, kwa kuwa baba anawazuia. Mimi nikaona karatasi inachafuka. Nikamwambia afute mistari yenye sifuri, kwani asiyepata kitu ana kazi gani kwenye jedwali? Akafuta. Tukapiga hesabu upya, jedwali likatoa thuluthi kwa mama, shilingi milioni 6, na kilichobaki, milioni 12, kwa baba. Nikachapisha, nikaenda kumsomea mama mkubwa.

Siku ya kikao sheikh mmoja mzee aliitazama ile karatasi, akauliza marehemu ana ndugu wangapi. Nikasema watatu, lakini hawarithi. Akanitazama tu. Nikaanza kuikumbuka Suratun Nisaa, aya ya 11, ambayo nimeihifadhi tangu nina miaka kumi: marehemu akiwa na ndugu, mama anapata sudusi. Ndugu wawili au zaidi wanamshusha mama kutoka thuluthi hadi sudusi hata kama wao wenyewe, kwa sababu ya baba, hawaambulii shilingi. Hii ndiyo kauli ya jumhuri ya wanazuoni. Kwa hiyo fungu la mama lilikuwa milioni 3, si 6, na la baba 15. Jedwali la mwenzangu lilikuwa sahihi tangu mwanzo, maana liliwekewa sharti la kuhesabu ndugu waliomo kwenye orodha. Mimi ndiye niliyewafuta, likahesabu likakuta hawapo.

Ilibidi nimwambie mama mkubwa, mbele ya mtalaka wake, kwamba milioni 3 nilizomsomea hazikuwa zake. Aliuliza kama safari hii nina uhakika. Nikasema ndiyo, nikatamani ardhi inimeze.

Turudi kwa al-Khwarizmi, maana kosa langu yeye alilikataza. Kando ya kitabu cha al-jabr aliandika kingine juu ya hesabu za Kihindi, yaani namna ya kuandika namba yoyote kwa tarakimu tisa na duara dogo. Kiarabu chake kimepotea. Tunacho katika tafsiri za Kilatini, mojawapo iko Cambridge. Kanuni za sifuri zilikwisha andikwa na Mhindi Brahmagupta mwaka 628, zaidi ya karne moja na nusu kabla ya al-Khwarizmi kuzaliwa, na yeye mwenyewe hakuficha kwamba elimu hii ni ya Wahindi. Ndiyo maana nasema bango letu lirekebishwe. Alichofanya ni kuifundisha, kwa uwazi ambao uliwafanya Waarabu na baadaye Wazungu waielewe. Na katika mafundisho hayo mna onyo: ukitoa namba kwenye namba na kisibaki kitu mahali fulani, usipaache mahali hapo wazi, weka duara. Usipoweka, nafasi zitasogea, na mtu atadhani ya pili ni ya kwanza. Mia mbili na tano itasomeka ishirini na tano.

Hapa sifuri haiongezi chochote. Jumlisha namba yoyote na sifuri, inabaki vilevile. Lakini ukiifuta mahali pake, namba zote zilizo kushoto kwake zinabadilika. Ndugu watatu wa marehemu wetu walikuwa hivyo hivyo. Linganisha na shemeji wa marehemu: awepo asiwepo, hakuna fungu linalotikisika. Huyo ndiye unayeweza kumwacha nje ya karatasi. Asiyepata kitu na asiyebadilisha kitu ni watu wawili tofauti, na mimi nilikuwa nimewachanganya.

Inashangaza kidogo kwamba al-Khwarizmi aliyelilinda duara lile katika kuandika namba hakulitumia katika milinganyo. Kwake upande wa mlinganyo hauwi sifuri, wala namba haiwi hasi. Ndiyo sababu alilazimika kuwa na aina sita za milinganyo ambapo sisi tunatosheka na moja. Siisemi kama aibu yake.

Habari za mwisho wa maisha yake tunazipata kwa al-Tabari, na si za kupendeza sana. Mwaka 847 khalifa al-Wathiq aliugua, akaita wanajimu watazame nyota zake. Wakamwambia bado ana miaka 50. Akafa baada ya siku kumi. Katika orodha ya waliokuwepo limo jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Nimeona maandishi ya Waislamu yanaliruka tukio hili. Mimi sioni haja. Alikuwa mtumishi wa ikulu katika zama ambazo falaki na utabiri vilikaa chumba kimoja, na leo sisi tunajua la kuchukua na la kuacha.

Orodha hiyo hiyo imemletea tatizo jingine. Baada ya jina lake, nakala zilizochapwa zinaendelea na al-Majusi al-Qutrubbulli, kama kwamba ni sifa zake, na baadhi ya waandishi wakajenga juu ya hapo kwamba alikuwa mfuasi wa dini ya Waajemi wa kale. Mwanahistoria Roshdi Rashed alionyesha kwamba hapo wametajwa watu wawili, na kilichoanguka ni herufi moja, waw, yaani na. Kwa anayesoma Kiarabu jambo liko wazi ukishaonyeshwa. Waw haina uzito, haiongezi maana ya neno lolote. Ilipofutwa, watu wawili wakawa mmoja, na Mwislamu aliyefungua kitabu chake kwa kumsifu Mtume akapewa dini nyingine.

Alifariki karibu na mwaka 850, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 1126 Adelard wa Bath aliyageuza majedwali yake ya falaki kuwa Kilatini, na mwaka 1145 Robert wa Chester, akiwa Segovia, akakigeuza kitabu cha al-jabr. Jina la kitabu likawa aljebra. Jina la mtu likatamkwa Algorizmi, na kwa muda lilimaanisha hesabu za tarakimu za Kihindi, kisha likawa algorithimu, yaani hatua zozote za uhakika za kufikia jibu. Wahispania hadi leo huita tarakimu guarismo. Nayo sifr ilitembea pande zote: kwetu ikawa sifuri.

Mwenzangu wa chumba, baada ya kikao kile, hakunicheka. Alinionyesha lugha ya kompyuta niliyokuwa siijui, inayoitwa APL. Iliasisiwa na Mkanada, Kenneth Iverson, aliyefariki mwaka 2004. Akifundisha Harvard katika miaka ya 1950 alianza kujitungia alama za kueleza hesabu za orodha na majedwali mazima, bila kuhesabu kipengele kimoja kimoja. Alizichapa katika kitabu mwaka 1962, na mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Turing. Katika lugha hii alama moja inajumlisha orodha nzima. Nikamwuliza: na orodha ikiwa tupu? Madeni ya marehemu wetu, kwa mfano, hayakuwa na hata mstari mmoja. Akaandika. Kompyuta ikajibu 0. Akaiambia izidishe orodha tupu, ikajibu 1. Haikukwama wala kulalamika. Iverson aliliona hili: kila kazi ina namba ambayo kwake haibadilishi kitu, sifuri kwa kujumlisha, moja kwa kuzidisha, na hiyo ndiyo inayostahili kukaa mahali ambapo hakuna kitu. Ni duara la al-Khwarizmi lililokwenda mbali zaidi.

Kisha akanionyesha alama ambayo mwanzoni niliidhania ni mzaha. Katika APL ya leo iko alama ⊢ ambayo kazi yake ni kurudisha kilekile ilichopewa. Unaipa orodha, inakurudishia orodha. Nikasema huu ni upuuzi wa watu wenye umeme wa bure. Akaniomba nimpe swali gumu la mirathi, nikampa la aul.

Mnalijua: mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili. Katika sita, hizo ni 3 na 4, jumla 7. Mafungu yamezidi mali. Riwaya mashuhuri zinasema swali hili lilifika kwa Umar bin al-Khattab (r.a.), na baada ya kushauriana na masahaba mafungu yakapunguzwa kwa uwiano: mume 3 katika 7, dada 4 katika 7. Ibn Abbas (r.a.) alikuwa na rai tofauti, lakini madhehebu manne yamelishika hili.

Mwenzangu akaandika alama nne tu ndani ya mabano: (⊢÷+/) na mbele yake 3 na 4. Zile mbili za mwisho zinajumlisha orodha, zinapata 7. Alama ya kugawanya iko katikati. Na ile ya kwanza, isiyofanya kitu, inaishika orodha yenyewe kama ilivyo, 3 na 4, ili kuwe na cha kugawanywa. Iondoe, na unabaki na moja iliyogawanywa kwa jumla, basi. Mafungu ya watu yamepotea. Nikamwambia ajaribu mirathi yetu, 1 na 5 katika 6. Jumla ni 6, mafungu yakarudi vilevile, sudusi moja na sudusi tano, bila kuguswa. Mstari uleule unapunguza panapozidi na kunyamaza panapotimia. Haufai kila mahali: kwenye radd, mume au mke akiwepo, utakosea, kwani hao hawarudishiwi. Hilo nililigundua mimi, na kwa mara ya kwanza jioni ile nilijisikia mwanafunzi wa fani yangu.

Jedwali sasa tumelitengeneza upya, na mistari ya sifuri haifutiki. Kwa atakayelihitaji, tunakaa hosteli za upande wa barabara ya Ggaba, na baada ya Isha Ijumaa mtatukuta msikitini. Njooni na maswali ya mirathi ya kweli, na muwaandike wote, hata wasiopata. Ila kabla hamjatuamini, tupimeni kwanza kwa mume na dada wawili. Tusipowapa 3 na 4 katika 7, chukueni karatasi zenu mpeleke kwa sheikh.